Mikono ya Bwana Pima

Mikono ya fundi cherehani ilipoinuka juu ya vichwa vya wageni wake, viganja vikiwaelekea, ilianza kupepea. Haikutetemeka kama mikono ya mtu anayesikia baridi. Ilianguka ghafla kwenye vifundo, ikajiinua, ikaanguka tena, kama ndege mkubwa anayetaka kutua na kila mara anaghairi. Wanawake waliokuwa wamekaa sebuleni kwa sala ya Alhamisi waliona, wakainamisha vichwa zaidi. Jirani wa ghorofa ya juu alisema "Amina" kabla sala haijafika mwisho.

Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na birika la chai mkononi. Naye aliona, na machozi yakamlengalenga. Tangu waoane alikuwa mke wa mtu mwema tu, fundi aliyepima kitambaa, akakipima tena, akamvua mteja koti ili ampime upya, hadi mtaa mzima ukambandika jina la Bwana Pima. Sasa, katika uzee wao, bila kuomba wala kutarajia, alikuwa mke wa mtu ambaye mikono yake imeguswa na Mungu.

Hivyo ndivyo alivyoamini. Mtu anayempenda mwenzake hutafuta maana nzuri katika kila kinachompata, na yeye alikuwa ametafuta, akapata.

Ugonjwa ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia. Tumbo la fundi lilijaa maji, macho yakageuka manjano, na hospitali wakasema ini lake limejaa makovu. Ilikuwa homa ya ini iliyomwingia zamani, labda ujanani, ikakaa kimya ndani yake kama mpangaji asiyegombana na mtu. Watu wawili watatu mtaani walinong'ona kuhusu pombe. Dada yake fundi aliwajibu kwamba kaka yake pombe pekee aliyowahi kuishika ni spiriti ya kutolea madoa, na hata hiyo huishika kwa vidole viwili.

Maji yalitolewa, fundi akarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Miongoni mwake ilikuwamo chupa ya dawa nzito, tamu kama asali iliyochakachuliwa, ya kunywa asubuhi, mchana na jioni, kwa kikombe kidogo cha plastiki, hadi mstari wa juu. Muuguzi aliwaeleza kwamba dawa hiyo itamfanya aende haja mara mbili au tatu kwa siku, na kwamba ndivyo inavyotakiwa. "Ikizidi, punguzeni kidogo," alimalizia. Walipofika nyumbani, maneno yaliyobaki vichwani mwao yalikuwa hayo ya mwisho.

Lakini ikizidi kiasi gani? Kwa mtu anayeongoza sala, hata mara moja katikati ya sala imezidi. Alhamisi moja fundi alilazimika kunyanyuka kabla ya kumaliza sentensi. Ukuta wa choo chao ulikuwa huohuo wa sebule, na ulijengwa na mtu aliyebania matofali. Wanawake wote walisikia. Mmoja alianza kukohoa kwa huruma, akakohoa mpaka fundi aliporudi, na fundi hakuweza kuinua uso hadi wageni walipoondoka.

"Sindano," alimwambia mkewe walipobaki wawili. Ndivyo alivyomwita tangu uchumba wao, kwa sababu alikuwa mwembamba na hakuwa mtu wa kushikwa ovyo. "Kinachoumwa ni ini. Tumbo langu halijamkosea mtu. Kwa nini nalo linaadhibiwa?"

"Dawa ni dawa, Bwana Pima. Hatuchagui."

"Siku za sala tu. Nisiaibike mbele za Mungu."

"Mungu ndiye aliyekupa hilo tumbo. Hawezi kulishangaa."

"Mungu hanisumbui. Ninamwogopa yule wa ghorofa ya juu."

Walicheka, na katika kucheka wakawa wameshakubaliana. Alhamisi iliyofuata mkewe alimpimia nusu kikombe. Baadaye Jumatano nayo ikapata nusu, ili tumbo litulie mapema. Fundi hakulalamika tena, akawa anakaa kwenye sala kutoka mwanzo hadi mwisho. Basi mkewe akaona hakuna haja ya kumtesa siku nyingine pia. Kikombe akakiweka kabatini, akaanza kutumia kijiko cha chai, na hicho nacho siku nyingine alikisahau bila majuto.

Mabadiliko yalikuja taratibu, kama giza linavyoingia chumbani mtu akiwa amezama kwenye kazi. Fundi alianza kusinzia mchana na kukaa macho usiku kucha kwenye ukingo wa kitanda, akitazama ukuta, na mkewe akajua anakesha kwa sala. Maneno yake yakapungua. Alipoomba mbele za watu, aliacha mapengo marefu kati ya neno na neno, na wanawake wakasema katika mapengo yale ndimo walimomsikia Mungu. Siku moja alikata shati la mteja, akatoa mikono miwili, yote ya kushoto. Mkewe aliikunja, akaificha chini ya mabaki ya vitambaa, akamwambia mteja arudi wiki ijayo. Alijiambia kwamba mtu aliyekaribia mbingu namna ile hawezi kukumbuka mikono ya shati.

Tena akawa mpole. Huyu ndiye mtu ambaye, tangu walipooana, alipopewa chai alionja na kusema, "Chai hii sukari imeiona kwa mbali." Sasa alipokea kikombe kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Asante, mwanamke mwema." Mara ya kwanza alipoyasikia maneno hayo, mkewe alikwenda jikoni, akakaa kwenye kigoda na kuyarudia peke yake kwa sauti ndogo.

Wageni wa Alhamisi waliongezeka. Walileta shida zao: mume aliyekwenda kufanya kazi mbali na kukata mawasiliano, goti lisilokunjika, mtoto aliyekataa shule. Fundi aliwanyooshea mikono, nayo ikapepea. Sokoni watu walianza kumpisha mkewe. Kwenye ibada alitengewa kiti cha mbele, naye alikataa kwa mdomo na kukikalia kwa moyo wote.

Wifi yake alifika Alhamisi moja mchana, kabla ya saa ya sala, na mfuko wa machungwa. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watoto mia tano, na pua iliyojua sufuria inaungua kabla sufuria yenyewe haijajua. Muhula wa masomo ulikuwa umemweka mbali kwa miezi.

"Hodi humu. Wifi, mbona umezidi kukonda? Kaka yangu anakula na chakula chako pia?"

"Karibu, wifi. Punguza sauti kidogo, anasali."

"Anasali au amelala?"

"Siku hizi ni vigumu kutofautisha."

"Kwake ilikuwa hivyo tangu utotoni. Baba alimchapa kwa ajili hiyo hiyo."

Aliingia chumba cha kushonea. Fundi alikuwa amekaa mbele ya cherehani, mguu kwenye pedali, uzi haukuwamo kwenye sindano.

"Shikamoo, kaka."

Alifumbua macho polepole. "Marahaba. Mungu akubariki, mwanangu."

Wifi alisubiri. Alikuwa anasubiri neno moja, na mkewe fundi alilijua neno lenyewe. Tangu dada huyu alipoanza kutambaa na kung'ata watu vidole vya miguu, kaka yake alimwita Kiroboto. Hakuwahi kumwita jina lingine, hata mbele ya wakwe.

"Kaka, ni mimi."

"Mungu akubariki," fundi alirudia, akamnyooshea mikono. Mikono ikapepea.

Wifi alirudi jikoni, akafunga mlango nyuma yake, akaweka machungwa mezani moja moja kana kwamba yangevunjika.

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Si huyo umetoka kumsalimu."

"Huyo simjui. Kaka yangu hajawahi kunibariki. Siku ya harusi yangu alisimama mbele ya watu wote akasema, kiroboto amepata mbwa wake. Leo ananiita mwanangu?"

"Amebadilika, wifi. Mungu amemgusa."

"Mungu akimgusa mtu humsahaulisha dada yake?" Alisogea karibu, akashusha sauti. "Na pumzi yake, umeinusa? Ina utamu usio wa kawaida, kama matunda yaliyosahaulika kwenye mfuko. Dawa zake anakunywa?"

"Anakunywa."

"Zote?"

Mkewe fundi aligeukia jiko, akaliweka sawa birika lililokuwa tayari limekaa sawa. "Ile ya kuharisha tulipunguza. Tumbo lake halina ugonjwa. Kwa nini limsumbue bure?"

"Mimi sijui habari za tumbo wala za ini. Ninajua kwamba mtu huyu hanijui."

"Hukuzoea kumwona akiheshimiwa," mkewe fundi alisema. "Labda una wivu."

Maneno yale yalimkata wifi maini. Kisha alivuta kigoda, akakaa, mikono juu ya magoti. "Haya. Pokea wageni wako. Mimi nipo hapahapa jikoni, sigombani na mtu."

Mkewe fundi alikwenda kumvalisha mumewe shati safi. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kwa hasira, au kwa kitu kilichojifanya hasira. Alimsimamisha karibu na dirisha, akaanza kufunga vifungo kutoka chini. Nje mtu alikuwa anafagia, na ufagio ulisikika ukikwaruza saruji. Fundi alimtazama akifanya kazi ile. Macho yake yalikuwa mema kabisa.

"Mwanamke mwema," alisema.

"Naam."

"Mke wangu atarudi saa ngapi?"

Kifungo kilibaki kati ya vidole vyake. "Mkeo?"

"Ametoka." Alitafuta maneno, akayaokota moja moja. "Ni mwembamba. Mkali kidogo. Akiwa hayupo siwezi kusali vizuri. Mwambieni aje."

Mkewe alikiachia kifungo. Alikuwa anaona siku zote zile za upole zikirudi nyuma mbele yake, kila kikombe kilichopokelewa kwa mikono miwili, kila asante. Hakuwa akiheshimiwa. Alikuwa mgeni aliyeshukuriwa na mwenye nyumba mwenye adabu.

Fundi aliona machozi, akasikitika. Alimpigapiga begani kwa ule mkono usiotulia. "Usilie. Akija atakupa chai. Chai yake haina sukari, lakini utaizoea."

"Wifi," mkewe aliita, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Wifi, njoo. Njoo tumpeleke."

Wageni wa sala walikuwa wameanza kufika. Waliwakuta mlangoni, wanawake wawili wakiwa wamembeba mtakatifu wao mikono mabegani, viatu vyake vikiburuzika. Hakuna aliyeuliza. Jirani wa ghorofa ya juu alitupa mkoba wake chini, akashika miguu, akashuka nayo ngazi hadi barabarani, akasimamisha teksi kwa mwili wake mzima.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani iliyokuwa inamteleza puani. Alimwambia fundi anyooshe mikono mbele, viganja vitazame nje, kama mtu anayezuia gari. Fundi alinyoosha. Mikono ikapepea. Daktari alitikisa kichwa, akageuka kwa muuguzi na kutaja dawa. Mkewe fundi alitazama sakafu. Alikuwa ameiona ishara ile Alhamisi nyingi, na kila mara aliisindikiza kwa amina.

Baada ya fundi kulazwa na wauguzi kuanza kumsafisha tumbo kwa ile ile dawa tamu, daktari alikaa na wanawake wale kwenye benchi la ukumbini.

"Dawa ya choo mlikuwa mnampa kiasi gani?"

"Kijiko cha chai," alisema mkewe fundi. "Siku nyingine hata hicho hapana." Alijilazimisha kuendelea. "Tuliambiwa ikizidi tupunguze. Na tumbo lake halikuwa na neno, daktari. Kilichokuwa kinaumwa ni ini."

Daktari hakumkemea. Alisukuma miwani juu. "Watu wengi hudhani hivyo. Lakini hivi vitu viwili haviishi mbalimbali. Damu inayotoka kwenye utumbo haiendi popote kabla ya kupita kwenye ini. Inabeba chakula, na inabeba pia sumu inayotengenezwa na vijidudu vya tumboni. Vipo kwako, vipo kwangu, siku zote. Ini zima huipokea damu hiyo, likaisafisha, ndipo likaipitisha. Nalo halipokei tu. Linatuma nyongo kule utumboni, isaidie kusaga chakula, ivizuie hivyo vijidudu visizidi. Vinapeana hivyo maisha yote, na mwenye mwili hana habari."

"Na la kwake?"

"La kwake lina makovu. Damu nyingine inatafuta njia ya kulizunguka, nyingine inapita bila kusafishwa. Sumu inapanda kichwani. Mtu analala mchana, anakesha usiku. Anasahau. Anakuwa mpole kupita kiasi, au mkali kupita kiasi. Mikono inapepea."

"Inapepea," mkewe fundi alirudia.

"Kwa hiyo tunaanzia kwenye utumbo. Ini limechoka, basi tunalipunguzia mzigo kabla haujafika mlangoni kwake. Ile dawa inaibana sumu palepale na kuitoa nje. Mgonjwa akienda choo laini mara mbili au tatu kwa siku, kichwa chake kinabaki chake. Asipokwenda, ndiyo haya."

Wifi alishusha pumzi. "Kwa hiyo akili za kaka yangu zinategemea choo."

"Kwa namna fulani, ndiyo," alisema daktari, na midomo yake ikataka kucheka.

Mkewe fundi hakucheka. "Atanijua tena?"

"Wengi hurudi. Wengine huchukua muda. Siwezi kukuahidi ni lini." Daktari alisimama, kisha akamgusa mkono. "Lakini umemleta."

Walipobaki wenyewe alijaribu kuomba. Alikuwa mtu wa sala tangu utotoni, maneno yalimjia kirahisi kama pumzi. Sasa hayakuja. Kila aliloanza nalo lilikuwa na harufu ya kiti cha mbele. Alitaka kuomba msamaha, lakini hata msamaha aliuona umevaa nguo nzuri mno. Mwishowe aliinamisha kichwa, akaomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba, na ndani yake hapakuwa na neno hata moja ambalo angethubutu kulisema mbele za wanawake wa Alhamisi.

"Mungu wangu, mpe choo."

Alipewa. Mkewe na dada yake walibadilisha mashuka, wakamwosha, wakambadilisha tena. Muuguzi alijitolea kusaidia, mkewe akakataa kwa upole. Aliyakunja mashuka machafu, akayabeba, akarudi na maji ya vuguvugu, na polepole, bila kutambua, akaanza kuomba tena huku akimfuta mgongo. Hakuomba kwa maneno. Ilikuwa ile kazi yenyewe, kitambaa kikienda na kurudi.

"Ulisema nina wivu," wifi alimwambia walipokuwa wanakamua kitambaa pamoja kwenye sinki.

"Nilisema. Nisamehe."

"Nilikuwa nao kidogo. Mtaa mzima unamwita mtakatifu, na mimi kisigino changu kina kovu la mkasi alionirushia."

Mkewe fundi alianza kucheka, na kicheko kikampeleka mahali pengine, ikabidi wifi amshike asianguke. Wakasimama hivyo, mikono yao ikichuruzika maji.

Kesho yake, jua la asubuhi lilipofika kitandani, fundi alikuwa ameshika pindo la kanzu ya hospitali kati ya kidole gumba na cha shahada. Aliligeuza ndani nje. Alilivuta. Mkewe alikuwa amekaa pembeni, hakuthubutu kujongea.

"Sindano."

"Naam."

"Nani ameshona hii?"

"Ni ya hospitali."

"Bega moja limeshuka. Aliyepima alikuwa amelala."

Mkewe aliuficha uso kwenye shuka.

"Sasa unalia nini? Si wewe uliyeshona." Aliendelea kuchunguza mshono kwa muda, kisha akanusa. "Kuna harufu ya machungwa. Kiroboto yuko wapi?"

Wifi alikuwa mlangoni, chungwa lililomenywa nusu mkononi. Aligeuka, akatazama ukumbi mpaka uso wake ulipokuwa tayari kuonekana, ndipo akaingia kwa sauti yake ya watoto mia tano.

Nyumbani kikombe cha plastiki kilitoka kabatini. Mkewe alikijaza hadi mstari wa juu, akikiinua usawa wa macho kama mtu anayepima nguo ya bibi harusi. Daktari alikuwa amemfundisha jambo jingine pia. Kila asubuhi, kabla ya chai, fundi anyooshe mikono na mkewe aitazame. Fundi alilalamika kwamba anafanywa trafiki ndani ya nyumba yake, lakini alinyoosha. Siku ya tatu aliipepesha makusudi, mkewe akaruka, kikombe kikamwagika.

"Usinifanyie hivyo tena," alisema, na sauti yake ilimtoa fundi ule mzaha wote usoni.

"Sirudii," fundi alisema. Hakurudia.

Kulikuwa na jambo ambalo mkewe hakumwambia mtu, hata wifi. Kuna saa alimkumbuka yule mwingine. Fundi alipoonja chai na kuikunjia uso, alipoita kutoka chooni kwamba hakuna sabuni, sauti ile ya "mwanamke mwema" ilimpitia masikioni, na kwa dakika nzima alihuzunika kama aliyefiwa na mtu asiyeruhusiwa kumlilia. Alimpelekea Mungu huzuni hiyo pia. Hakupata jibu, wala hakusikia kukemewa.

Siku moja jirani wa ghorofa ya juu alimkuta fundi akikata kitambaa.

"Siku ile uliyoniombea mume wangu," alisema, "nililala. Nilikuwa sijalala wiki nyingi. Nimekuja kushukuru."

Fundi aliweka mkasi chini. "Niliomba nini?"

"Sikuelewa vizuri. Ulikuwa unanyamaza sana."

"Basi kumbe nikiwa sipo ndipo ninapofaa." Alicheka, lakini jirani alipoondoka alikaa akitazama viganja vyake. "Sindano, ile sala ilikuwa sala?"

Mkewe alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Alijaribu, uzi ukapita pembeni, akajaribu tena.

"Sijui," alisema. "Alilala, lakini."

Alhamisi ikafika. Waliokuja walikuwa wachache kuliko zamani, maana habari zilikuwa zimeenea. Wifi alikuwa bado hajaondoka, akakaa kwenye zulia, miguu ameinyoosha. Kabla ya wageni kuingia, fundi alikitazama kikombe kilichojaa, akamtazama mkewe.

"Ukuta ni uleule," alisema.

"Ni uleule. Kunywa."

Alikunywa. Alianza sala kwa maneno ya kawaida, ya kila siku, bila mapengo. Alikuwa anawaombea walio safarini wakati sauti yake ilipokatika. Alisimama, akasema "Samahani, ndugu zangu," akatoka. Mlango ukafungwa. Kisha, kupitia matofali yale yaliyobaniwa, kila kitu kikasikika.

Mwanamke mmoja alianza kukohoa. Wifi alimtazama, naye akaacha.

Mkewe fundi alikuwa amesimama mahali pake, mlangoni mwa jikoni. Hakuwahi kuongoza sala mbele za watu. Alikuja mbele, akasimama pale mumewe alipokuwa amesimama, na kwa sauti iliyoanza chini ikapanda kidogo kidogo, akaendelea kuwaombea walio safarini. Akawaombea na walio nyumbani, akaombea miili yao yote, kilicho ndani na kilicho nje, kinachopokea na kinachotoa, ambacho mwenyewe hana habari nacho. Hakuharakisha. Alipokosa neno, alisubiri, na sauti ya nyuma ya ukuta ikajaza mahali pale, naye akaiacha ijaze.

Maji yalimwagika, mlango ukafunguka. Fundi aliingia akijifuta mikono kwenye suruali.

"Tumefikia wapi?" alinong'ona.

"Kwenye baraka," alisema mkewe, akampisha.

Watu wote waliinamisha vichwa na kufumba macho. Fundi akainua mikono, viganja vikiwaelekea. Mkewe, akiwa hatua moja nyuma yake, aliyaacha macho yake wazi, akaitazama mikono ile tangu neno la kwanza mpaka la mwisho.